Wasifu wa mzee aliyekuwa askari na mvuvi

Ndugu yetu ameuliza namna ya kuandika wasifu wa marehemu babu yake, aliyepigana Vita vya Kagera kisha akaishi miaka yake iliyobaki kwa uvuvi. Nitamjibu kwa kosa nililolifanya mwenyewe, kwa kuwa nilipewa kazi hiyohiyo tulipomzika baba yangu mkubwa huko Kayenze, Mwanza.

Niliandika kurasa mbili. Zilianza Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka, zikapita kwenye hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba, kisha kwenye kuvunjwa kwa daraja la Kyaka, zikaingia Masaka, zikaishia Kampala ilipotekwa tarehe 11 Aprili 1979. Uvuvi niliupa mstari mmoja: "Baada ya jeshi, marehemu alijishughulisha na uvuvi." Waombolezaji walisikiliza kwa heshima, lakini mzee mmoja wa mwaloni, yaani pale wavuvi wanapotia nanga, aliyevua naye kwa zaidi ya miaka ishirini, aliniita pembeni akaniuliza, "Mwanangu, huyo uliyemsoma ni nani?"

Swali hilo lilinichoma, kwa maana baba mkubwa mwenyewe alinisimulia jambo moja tu la vita. Alisema walipofika ukingoni mwa mto Kagera, wenzake wakitazama ng'ambo alikokuwa adui, yeye alitazama maji, kwa kuwa alijua yanaishia katika ziwa letu, Victoria. "Nikasema moyoni, haya yanatangulia nyumbani."

Usiku wa giza alikwenda kuvua dagaa kwa karabai. Mbalamwezi ilipokua, wakati taa haziwavuti tena dagaa, alikaa chini ya mwembe akishona nyavu, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu, na kila fundo alilivuta mara mbili kabla ya kuhamia jingine. Ukimsalimu katikati ya fundo, hakuitikia mpaka limekaza. Kokoro, wavu wa kukokota, hakutaka hata kulisikia, kwa sababu linazoa samaki wachanga pamoja na mazalia yao. Sangara alimwita mgeni, kwa kuwa aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 akawamaliza furu wengi, samaki wadogo wa asili ya ziwa, ingawa ada yangu ya shule, ni lazima nikiri, ililipwa na mgeni huyohuyo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaandika tarehe yoyote, nenda mwaloni ukamtafute mtu aliyekaa na babu yako katika mtumbwi mmoja. Mimi nilikaa na yule mzee asubuhi tatu, na siku ya arobaini nikasoma wasifu mpya, ambamo vita vilibakiwa na aya moja. Safari hii alinisahihisha jambo dogo tu: nilikuwa nimeandika kwamba mtumbwi wa marehemu ulipakwa rangi ya bluu, naye akasema ule wa bluu ulikuwa wake, wa marehemu ulikuwa wa kijani.