Maswali yenu kuhusu miamba myekundu ya Utah

Barua nyingi zilizonifikia safari hii zinauliza jambo moja: likizo fupi ya kutembea kwa miguu kwenye jangwa la miamba myekundu, kusini mwa Utah, Marekani. Nimechagua sita.

Shikamoo. Tuna siku nne tu, na Utah ina hifadhi tano za taifa. Tutaweza kuziona zote? (Wanandoa, Minneapolis)

Marahaba. Hapana, na nawasihi msijaribu. Kwenye ramani zinaonekana zimekaa jirani, lakini kutoka Zion, upande wa magharibi, hadi Moab, mji wa upande wa mashariki, ni kama saa tano za kuendesha gari. Likizo nzima itaishia barabarani. Chagueni upande mmoja. Magharibi kuna Zion na Bryce Canyon: mnashuka Las Vegas, mnakodi gari, na baada ya kilomita 260 hivi mko Springdale, mji mdogo ulio langoni mwa Zion. Kutoka hapo hadi Bryce ni saa mbili. Mashariki kuna Arches na Canyonlands, malazi yakiwa Moab, kilomita 375 hivi kutoka Salt Lake City. Kama ni mara ya kwanza, ningewapeleka Zion siku mbili na Bryce siku moja. Inayobaki ni ya njiani. Kumbukeni pia kwamba Utah iko saa moja mbele ya Las Vegas, msije mkafika mapokezi yamefungwa.

Likizo yangu ni Julai pekee. Joto la huko si kama la Dar tu? (Msomaji, Houston)

Si kama la Dar, ndugu yangu, na hapa ndipo watu wetu wanapoponzeka. Sisi wa Pwani tumezoea kulijua joto kwa jasho: shati likilowa, tunatafuta kivuli na maji. Kule hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona. Shati kavu, ngozi kavu, kumbe mwili unaishiwa maji. Usingoje kiu. Kipimo kinachotolewa hifadhini ni galoni moja, karibu lita 4, kwa kila mtu kwa siku. Ongeza chumvi: karanga, korosho, chochote chenye chumvi, maana kunywa maji matupu lita kwa lita nako kunaangusha mtu. Na beba kanga. Ilowanishe ujitupie shingoni. Katika hewa kavu namna ile inapoza kwelikweli, kazi ambayo unyevu wa Dar hauiruhusu.

Moab mwezi Julai hupita nyuzi 38 mara kwa mara. Ukiweza kubadilisha likizo, nenda Aprili, Mei, mwisho wa Septemba au Oktoba. Usipoweza, elekea Bryce, ambako ukingo wa juu uko kati ya mita 2,400 na 2,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kuna afueni. Anza kutembea alfajiri, saa nne uwe umerudi. Njia ya Delicate Arch kule Arches ni kilomita 4.8 tu kwenda na kurudi, na ufupi huo ndio unaodanganya: karibu njia nzima huna kivuli.

Nimesikia makorongo ya huko yana mafuriko. Jangwani mafuriko yanatoka wapi? (Mkenya, Denver)

Yanatoka mbali, na hiyo ndiyo hatari yake. Miamba ile ni mchanga wa kale ulioshikana ukawa jiwe, na wekundu wake ni kutu ya chuma. Juu yake udongo ni haba, hakuna cha kuinywa mvua. Wingu likimwaga kilomita nyingi kutoka ulipo, maji yanateremka juu ya mwamba mtupu, vijito vinakutana, na vyote vinaingia kwenye korongo ulilosimama, pengine lina upana wa hatua tatu, huku kichwani mwako anga ni ya buluu.

Septemba 2015, katika korongo la Keyhole ndani ya Zion, watu 7 walifariki kwa mafuriko ya namna hiyo. Nawe Mkenya utakumbuka Septemba 2019, watu 7 waliposombwa na maji ndani ya korongo la Hell's Gate, Naivasha. Nayaandika haya kwa uchungu, kwa sababu walikuwa watu kama wewe na mimi, waliotoka siku ya mapumziko kwenda kuona kitu kizuri.

Mvua za radi huja zaidi kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba. Kabla ya kuingia The Narrows, korongo jembamba la Zion ambako njia yenyewe ni mto Virgin, pita kituo cha wageni uulize utabiri wa mafuriko wa siku hiyo. Wakikwambia uwezekano upo, achana na korongo, hata kama umetoka mbali. Na ukiwa ndani ukaona maji yanageuka matope, vijiti na majani yanaelea, au unasikia mngurumo unaokua, panda mahali pa juu hapohapo. Usijaribu kushindana mbio na maji kuelekea mlangoni.

Mama yangu, miaka 64, anakuja kutoka Moshi. Goti linamsumbua. Nimwache hotelini? (Binti yake, Phoenix)

Usimwache, dada! Zion kuna Riverside Walk, kilomita 3.5 kwenda na kurudi kandokando ya mto, njia ya sakafu ngumu, na basi la hifadhi linawashusha pale bila malipo. Bryce mpeleke kipande cha ukingoni kati ya Sunset Point na Sunrise Point, kisichofika kilomita moja. Atembee taratibu, maana Moshi mjini ni chini sana kuliko pale na pumzi itakata mapema.

La bajeti: tangu 1 Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 au zaidi anaongezewa dola 100 juu ya kiingilio katika hifadhi 11, Zion na Bryce zikiwemo. Arches haimo.

Kupanda Angels Landing, kile kilele cha mwamba cha Zion, kunahitaji kibali? (Kijana, Salt Lake City)

Ndiyo, tangu Aprili 2022, kwa bahati nasibu. Ombi ni dola 6. Ukikosa, panda hadi Scout Lookout, ambako kibali hakidaiwi. Mimi binafsi naona panatosha. Mbele ya hapo ni minyororo ya kushikilia, na magenge ya mwamba pande zote mbili.

Mtoto wangu anapenda kukusanya mawe. Achukue moja? (Baba, Dallas)

Hapana, sheria inakataza. Mfundishe pia asikanyage udongo mweusi wenye vinundu nje ya njia: uko hai, ndio unaoshikilia mchanga usipeperuke, na ukivunjwa huchukua miaka mingi mno kurudi. Badala ya jiwe, mwonyeshe michoro ya farasi iliyochongwa na Waute, wenyeji wa asili wa huko, kwenye mwamba, karibu na mwanzo wa njia ya Delicate Arch. Aichore kwenye daftari lake, lakini asiiguse. Mafuta ya vidole huiharibu.