Kwa nini tamthilia za zamani za mchana za Marekani hazirudiwi

Nyingi hazipo tena, basi. Za miaka ya 1950 zilirushwa mubashara, na hata kanda za video zilipoingia zilikuwa ghali mno: kipindi kikishaonyeshwa, kanda inafutwa na kingine kinarekodiwa juu yake. Nani angedhani kuna mtu atataka kuuona tena ugomvi wa Jumanne iliyopita?

Zilizosalimika nazo ni mzigo. Guiding Light ilianza redioni 1937, ikaingia kwenye televisheni 1952, ikazimwa 2009 ikiwa na vipindi zaidi ya 15,000 vya televisheni. Hata vyote vingekuwepo, onyesha kimoja kila siku Jumatatu hadi Ijumaa, utamaliza baada ya zaidi ya miaka 57. Na bado waigizaji, waandishi na wenye muziki wadai chao.

Ila Dark Shadows (1966–1971) imetoka yote kwenye DVD, kwa sababu ina vipindi 1,225 tu na kanda zake zilitunzwa. Kimoja tu ndicho kilipotea, wakakiunga upya kwa sauti iliyobaki na picha za mnato.