Maswali ya Wasomaji: Filamu ya Taratibu, Watazamaji Wanasinzia

SWALI: Sisi ni vijana wanne wa Kondele, Kisumu. Filamu yetu ya dakika 25 inamhusu msichana wa miaka 17 anayetumia kiti cha magurudumu, na mapenzi yake ya kwanza na fundi wa baiskeli. Mwigizaji mwenyewe hutumia kiti, hana hisia miguuni. Shoti ya yeye kulitazama ziwa pale Dunga ni dakika mbili. Ya kuhamia kitandani ni sekunde nne. Majirani waliotazama walishika simu zao mapema. Tukate?

JIBU: Kateni ziwa. Kule kuhamia kitandani msikukate hata kidogo. Kiti kinaegeshwa mshazari kando ya kitanda, breki zinafungwa, kiegemeo cha mkono cha upande huo kinatolewa, miguu inashushwa kutoka kwenye vikanyagio, mkono mmoja kitandani na mwingine kitini, mwili unahama, kisha miguu inapandishwa mmoja mmoja. Anayetazama hasinzii, anangoja kuona kama breki itashika. Pigeni tukio hilo mara mbili, kamera palepale: mwanzoni mama anamshika kwapani, mwishoni mlango umefungwa na mama yuko nje. Kukua kwenyewe ndiko huko, hakuhitaji maneno. Naye fundi asisukume kiti bila kuombwa. Siku atakapouliza, hiyo ndiyo shoti yenu ya mapenzi. (Na tafadhali, msichana asiponywe mwishoni!)

Kamera ikae kimo cha macho yake, kama sentimita 110 hadi 120 kutoka sakafuni, la sivyo hata mpenzi wake ataonekana akimwangalia kutoka juu. Mwangaza na fokasi vifungeni kwa mkono, kwa sababu wingu likipita katikati ya shoti ndefu simu mnayorekodia hujirekebisha na ukuta hung'aa au kufifia ghafla. Chini ya taa za umeme, wekeni fremu (picha) 25 kwa sekunde, na shata, yaani muda wa kila picha kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde; stima yetu ni hertzi 50, na mkiweka vingine picha inaweza kupepesa. Dunga nendeni asubuhi, kwani mchana upepo wa ziwa huingia kwenye maiki.

Jambo zito zaidi: asiye na hisia haonywi na maumivu. Kila dakika 15 hadi 30 ainue makalio au aegemee mbele, hata kama shoti ilikuwa inakwenda vizuri. Mto wake wa kukalia usitolewe eti unaharibu picha. Vidonda vya kukalia huchukua wiki hadi miezi kupona. Kiti kisiachwe juani pia, chuma humchoma bila yeye kujua.

SWALI: Ukumbi tutakaoonyeshea una ngazi za sentimita 30 jumla. Ubao utatosha?

JIBU: Utatosha ukiwa na urefu wa mita 3.6, yaani mara 12 ya kimo. Wengi huleta ubao wa mita moja, na kiti kinapinduka nyuma.