Watoto wanamcheka mama yao, nawe unacheka nao

*Shangazi, shikamoo. Huu ni mwaka wetu wa 11 ughaibuni. Wanetu wawili, wa miaka 9 na 6, hawajui lugha yetu hata neno moja. Bibi yao akipiga simu wanakimbia. Mke wangu ndiye anayeshinda nao, lakini ameshindwa kuwafundisha. Akiwasemesha kwa lugha yetu wanamjibu kwa lugha ya huku. Yeye mwenyewe ya huku haimpandi, watoto humcheka anavyoitamka, na kusema kweli huchekesha. Mimi nikirudi kazini nazungumza nao lugha ya shule ili wasibaki nyuma darasani. Mwacha mila ni mtumwa, Shangazi. Nimwambie nini mke wangu?*

Marahaba, mwanangu. Najua inavyouma mama yako kubaki na simu sikioni huku wajukuu wanakimbia. Pole. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na kosa la mkeo sijaliona.

Unasema watoto hawajui hata neno moja. Halafu unasema mama yao akiwasemesha wanamjibu. Wanajibuje wasichokielewa? Lugha wanayo masikioni, bado kufika mdomoni. Na nani aliyeiweka humo, kama si huyo unayesema ameshindwa?

Kilichonikaa rohoni ni lile neno lako, "huchekesha". Mtoto wa miaka 6 anajuaje kwamba matamshi ya mama yake ni kichekesho, kama hajamwona baba akicheka? Umewafundisha kwamba lugha ya mama ni ya mtu asiyejua, na ya baba ndiyo ya wenye akili. Kisha unashangaa wamechagua yako.

Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wanalijua jeraha hili. Watoto wao waliadhibiwa shuleni kwa kusema Kimaori, na wengi walipokuwa wazazi wakaona heri wana wao wazungumze Kiingereza tu, wasije wakapata fedheha ile ile. Lugha ikaanza kubaki vinywani mwa wazee. Mwaka 1982 wakaanzisha kohanga reo, yaani viota vya lugha, ambako wazee walikaa na watoto wadogo ambao hawajaanza shule, wakiwasemesha Kimaori tupu. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi kwa sheria. Na viota hivyo havikuanza kwa daftari wala ubao. Vilianza kwa bibi anayebembeleza, anayelisha, anayekemea. Wewe kiota unacho sebuleni, na kila jioni unakivuruga.

Hofu ya darasani iache. Mtoto hubeba lugha mbili bila kulemewa. Ya shule ataipata kwa mwalimu, kwa wenzake uwanjani, kwenye runinga. Ya kwenu ataipata wapi kama si kwenu?

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha hapa. Mwanamume anataka mila idumu, lakini anaikabidhi kwa mkewe kama kapu la nguo chafu: fua, nikute zimenyooshwa. Ikidumu, ni fahari ya ukoo wake. Ikipotea, mke hajui kulea. Nikuulize, mwanangu: katika miaka hii 11, ni hadithi ngapi za babu yako umewasimulia wanao? Barua yako haitaji hata moja. Mkeo yuko ugenini, bila mama wala dada wa kumsaidia, anawasemesha watoto lugha ambayo baba yao anaikwepa, na bado hajanyamaza. Huyo ndiye asiyeacha mila.

Bibi akipiga simu tena, usiwaburute watoto wamsalimie. Kaa wewe uzungumze na mama yako kwa furaha, wakuone na wakusikie. Watasogea wenyewe. Ukirudi kazini, zungumza nao kwa lugha yenu, hata wakikujibu kwa ya huko. Usiwasute, endelea.

Lakini kwanza una deni la usiku wa leo. Mwombe mkeo radhi mbele ya hao hao waliokuona ukicheka, na umwombe kwa lugha yenu. Watoto wataelewa kila neno.