Nilikwenda kujifunza kulia, nikafundishwa kusimama

Jumamosi ya kwanza nilifika kwenye darasa la uigizaji na kilio changu tayari. Nilikuwa nimekifanyia mazoezi wiki nzima mbele ya kioo cha chumbani: simu inaita, napokea, naambiwa mume amefariki, simu inaanguka, napiga magoti. Machozi yalikuwa yanakuja yenyewe. Mdogo wangu alinichungulia mlangoni akasema, "Dada, wewe ni staa." Nilikuwa na miaka 29, nauza dawa kwenye duka la dawa Sinza, Dar es Salaam, na ada ya miezi mitatu nilikuwa nimeilipa kwa hela ya mchezo, ile zamu yangu niliyoahidi nyumbani kwamba itanunua friji.

Mwalimu hakukiomba kile kilio. Alitupanga watu kumi na wanne kwenye mstari, mikono chini, macho ukutani, akasema tusimame tu. Dakika ya kwanza nikajikuna shingo. Ya pili nikatabasamu, na hapakuwa na wa kumtabasamia. Kijana wa pembeni yangu akashika kiuno, akakiachia, akakishika tena. Mwalimu alikuwa anapita mbele yetu na daftari, anaandika. Mwishoni akatusomea alichokiona, mmoja mmoja, mpaka nikatamani sakafu ipasuke. Akasema mtu asiyeweza kusimama bila kujishughulisha atakuwa anatafuta cha kufanya kila akiwekwa mbele ya watu, na hicho atakachokipata ndicho kitakachoharibu tukio. Jumamosi nne mfululizo tulianza kipindi namna hiyo.

Watu huniuliza kama mtu akienda darasa la uigizaji anatoka anajua kuigiza. Kwa niliyoyapitia mimi, miezi mitatu ya kwanza inaishia zaidi kwenye kukuvua ulichokuja nacho kuliko kukuvisha kipya. Na ulichokuja nacho ni kingi. Sisi tumekaa sebuleni na tamthilia tangu utotoni, tumejifunza kuigiza bila kujua: kutoa macho, kugeuka polepole, kuongea peke yako chumbani kama unahutubia, kumpiga mwenzio kibao kila mambo yanapokwama. Ukienda darasani ukitegemea kwamba hivyo ndivyo vitakavyonolewa, utaumia.

Mimi niliumia kwenye tukio la deni. Mwalimu alitupa hali nyepesi kabisa: mtu amekuja nyumbani kwako kudai hela yake. Niliingia kwa nguvu zote. Nikapayuka, nikarusha mikono, nikamtolea mdai macho. Darasa likacheka na mimi nikajua nimepatia. Mwalimu akaniuliza, "Anakudai shilingi ngapi?" Sikujua. "Tangu lini? Mlijuana wapi? Hapo ni saa ngapi? Nani yuko chumba cha pili?" Sikujua hata kimoja. Nilikuwa nimegombana na mtu nisiyemfahamu kwa deni nisilolijua.

Maswali yale hakuyabuni yeye, na alitueleza. Konstantin Stanislavski, Mrusi aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wawili wa jumba la maigizo la sanaa la Moscow mwaka 1898, alijenga kazi yake juu ya maswali ya aina hiyo, na kubwa lao ni hili: kama ningekuwa mimi kwenye hali hii, ningefanya nini? Tukakaa chini mimi na mwenzangu tukajibu. Shilingi elfu themanini. Mwezi wa tatu sasa. Ni shoga yangu, alinikopesha mama alipolazwa. Ni jioni, na mama mwenye nyumba yuko uani anaosha vyombo. Tuliporudia nikajikuta naongea chinichini na kumvuta yule dada mkono aingie ndani. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Maisha yangu yote nimewaona watu wanaodaiwa na nimewahi kudaiwa, najua kabisa kwamba anayedaiwa hushusha sauti jirani asisikie, ila nilipopanda kuigiza nilikiacha kila ninachokijua mlangoni pamoja na viatu.

Zoezi lililonichosha kuliko yote, na ambalo ningekuwa na uwezo ningelirudia leo, ni la kurudia maneno. Lilitoka kwa mwalimu wa Kimarekani, Sanford Meisner, aliyefundisha miaka mingi New York. Mnakaa wawili mnatazamana. Mmoja anasema anachokiona kwa mwenzake: "Una shati la bluu." Mwingine anajibu: "Nina shati la bluu." Tena. Tena. Mpaka kitu kibadilike chenyewe. Siku ya kwanza niliona ni upuuzi, nikahesabu hela niliyolipa. Nilikuwa nimepangwa na mzee mmoja mstaafu wa bandari, mkubwa wetu darasani, tuliyemwita Mzee hata pale tulipokuwa tunacheza kama mtu na mkewe. Katikati ya zoezi akasema, "Unatazama saa." Nikasema, "Natazama saa." Kweli nilikuwa naitazama, nawaza foleni ya Mwenge. "Unatazama saa." "Natazama saa." Mara ya sita au ya saba sauti yake ikawa nyingine, nikaona nimemvunjia heshima mzee aliyekuja kutoka Mbagala kwa daladala mbili ili akae na mimi. Aibu iliyonishika haikuwa ya kuigiza. Mwalimu akasema, "Hapo. Hapo mmesikilizana."

Sikujua kabla ya siku ile kwamba nilikuwa sisikilizi. Nilikuwa nasubiri mwenzangu amalize ili nitoe mstari wangu. Ukiangalia filamu zetu nyingi utaliona hilo: watu wawili wanapokezana kukariri. Nikisema hivi marafiki wananiambia nimeanza kujidai mtaalamu, na pengine ni kweli.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kumchunguza mtu. Mimi nilikwenda soko la samaki la Feri, nikakaa karibu na mama anayekaanga. Saa nzima. Alikuwa anafuta mkono sehemu ileile ya kanga, pale tu, mpaka pamebadilika rangi, na alikuwa anageuza samaki huku anatazama wateja, kwa kusikia mafuta yanavyolia. Nikamleta darasani kwa fahari. Mwalimu akatazama, akasema vizuri, sasa nionyeshe huyo huyo siku ambayo hajauza kitu. Nikarudi Feri.

Sauti na pumzi nitazipitia haraka kwa sababu hazina utamu wa kusimulia. Utalala chini, utahema kwa tumbo, utasema vokali mpaka taya ziume, na kesho yake misuli itauma kama umelima. Usile wali maharage kabla ya kipindi. Ila jiandae kusahihishwa matamshi. Darasani kwetu kulikuwa na wanaochanganya r na l, na wanaosema "zambi" na "samani" wakikusudia dhambi na thamani. Mwalimu hakuwahi kumcheka mtu kwa lafudhi ya kwao. Alichotaka ni mtu aweze kuchagua: ukiambiwa mhusika ni mwanasheria wa mjini uweze, ukiambiwa ni bibi wa kijijini kwenu uweze pia. Mimi gh yangu ilinichukua mwezi mzima.

Kufikia mwezi wa pili tulibaki wanane. Walioondoka wengi walikuja wakitafuta kamera, na kamera tuliiona wiki ya kumi. Siwalaumu. Hakuna aliyewaambia.

Kazi je? Darasa halina kazi ya kukupa. Mwalimu mwaminifu atakwambia hivyo siku ya kwanza, na ukikutana na anayekuahidi uhusika kwenye filamu ukimaliza kozi, rudisha hela mfukoni. Baada ya kozi nilikwenda usaili mara tano, nikapata mmoja: nesi kwenye video ya kuhamasisha kliniki ya wajawazito. Sentensi mbili. Nilifika lokesheni saa 12 asubuhi, nikavaa gauni jeupe, nikakaa kwenye kiti cha plastiki mpaka saa 9 alasiri. Kisha tukarudia mara kumi na moja kwa sababu gurudumu la toroli lilikuwa linalia. Darasa lilinisaidia hapo kuliko popote: kusimama, kusubiri, na kusema jambo lilelile mara ya kumi na moja kama ndiyo naliona sasa hivi. Posho ilitosha nauli, chakula, na kumrudishia bosi wangu wa dukani fadhila ya soda kwa kunipa ruhusa. Dawa bado nauza.

Usilinganishe pia kozi ya Jumamosi na chuo. Bagamoyo, pale TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981, mtu anakaa miaka, anasoma na ngoma na muziki na ufundi wa jukwaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako sanaa za maonyesho zina historia ndefu. Watu hupenda kumtaja mwigizaji Lupita Nyong'o kama mtu aliyeokota bahati, kwa sababu Oscar aliipata mwaka 2014 kwa filamu yake kubwa ya kwanza. Wanasahau kwamba alitoka kumaliza shule ya maigizo ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2012, na kule si mahali pa kupitia tu. Na wale wanaosema waigizaji wetu wakubwa hawakusoma, nao wasisahau vikundi. Steven Kanumba alipitia kikundi cha maigizo cha Kaole kabla jina lake halijawa la filamu. Kikundi kinachofanya mazoezi karibu kila siku ni darasa, tena halisubiri Jumamosi.

Kuna jambo lingine ambalo akina dada hasa nataka mlisikie. Ukishaanza kujulikana kwamba unasoma uigizaji, simu zitaanza. Mimi nililipia "fomu ya usaili" shilingi elfu thelathini kwa mtu ambaye namba yake haikupatikana tena. Hiyo ni hasara ndogo. Mwingine aliniita usaili saa 2 usiku, nyumba ya wageni, akasema nije peke yangu kwa kuwa uhusika ni wa siri. Sikwenda, lakini nakiri niliwaza mara mbili, na hiyo ndiyo inayonitisha nikikumbuka. Usaili wa kweli hauna kiingilio. Omba kurasa mbili tatu za muswada kabla ya kwenda, nenda na mtu, mwachie mwingine nyumbani jina la mahali. Na mwenye mamlaka ya kukupa nafasi akitaka mwili wako kwanza, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitambua hilo kuwa kosa, kifungu cha 25. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Unapochagua darasa, omba ukae kipindi kimoja utazame. Hesabu mwalimu anaongea dakika ngapi na wanafunzi wanafanya dakika ngapi. La kwetu lilikuwa kwenye ukumbi wa kukodi wenye feni moja, vyeti vyake vilichapwa kwa printa iliyokuwa inaishiwa wino, na lilikuwa zuri. Nimeona jingine lenye zulia jekundu na picha za mastaa ukutani ambapo saa mbili nzima mwalimu alisimulia safari zake. Na vaa suruali unayoweza kukaa nayo chini. Kina dada wawili walikuja siku ya kwanza na sketi za kubana na viatu virefu, wakaishia kufanya mazoezi wamejifunga kanga za kuazima.

Mzee wa bandari sasa yuko kwenye kikundi kinachoigiza mashuleni, anachezeshwa babu kila mara na analalamika. Mimi nimerudi darasani kwa miezi mitatu mingine. Friji bado. Kile kilio changu hakuna mwongozaji aliyekiomba hadi leo. Mdogo wangu tu ndiye hunisihi nikitoe sebuleni wageni wakija, tena anataka na simu ianguke.