Barua kwa mwanangu: fomu ya ubunge na dawati la uhariri

Mwanangu,

Barua yako nimeipata, na swali lako nimelielewa: uchukue fomu ya ubunge huku ukiendelea kuhariri gazeti, au uchague moja? Nikujibu kwa habari za Joseph Pulitzer, mwenye magazeti wa Marekani wa karne ya 19, huyo ambaye tuzo ya uandishi yenye jina lake ninyi waandishi mnaiota usiku.

Alizaliwa Makó, Hungaria, mwaka 1847. Jeshi la Austria lilimkataa, macho mabovu na mwili dhaifu. Mawakala waliokuwa Hamburg wakisaka askari wa Marekani hawakujali hayo. Mwaka 1864 akavuka bahari, akatumikia kikosi cha farasi cha New York hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaisha. Baadaye ni vibarua tu huko St. Louis, jimboni Missouri, hata kulisha nyumbu, mpaka mwaka 1868 gazeti la Kijerumani, Westliche Post, lilipompa kazi.

Desemba 1869 akachaguliwa kuingia bunge la jimbo la Missouri akiwa na miaka 22, umri ambao sheria haikuruhusu bado. Watu wakafumba macho. Na kalamu hakuiweka chini: anakaa na wabunge wenzake, kisha anawaandika. Januari 1870 mkandarasi mmoja aliyechukizwa na maandishi yake akamwita mwongo mbele za watu, hotelini Jefferson City, makao makuu ya jimbo hilo. Pulitzer akatoka, akafuata bastola, akarudi, wakavaana, akampiga risasi ya mguu. Kesi ikaishia kwenye faini. Wengi hulaumu hasira zake. Mimi naona ni vile viti viwili: mwandishi angejibu gazetini, mbunge angejibu bungeni, yeye hakujua ajibu kama nani.

Uchaguzi wa 1884 ulimpeleka bunge la taifa, Washington, akiwa tayari mmiliki wa gazeti la World la New York. Aprili 1886 akajiuzulu, muhula haujaisha. Lakini katikati ya hapo, mwaka 1885, gazeti lake liliwaomba wasomaji wachangie msingi wa Sanamu ya Uhuru, maana Wafaransa walishatoa sanamu na hela za kuisimamisha zilikwama. Kila mchangiaji jina lake lilichapishwa, hata aliyetoa senti. Zikapatikana zaidi ya dola 100,000, kutoka kwa watu zaidi ya 120,000. Hakuna hotuba yake ya bungeni inayokumbukwa hivyo. (Usidhani namfanya walii, habari zake za kutia chumvi kuhusu Cuba mwaka 1898 zinajulikana.)

Kwa hiyo ukichukua fomu, kabidhi dawati kabla, si baada ya kura za maoni. Umeandika juzi kuhusu barabara ya jimbo hilohilo unalotaka kugombea. Wapinzani wako watasema ulikuwa unajipigia kampeni, na utawajibu nini? Najua mshahara ndio unaokushikilia, watoto wanasoma. Hilo tulizungumze. Nipigie kabla hujaamua, nisije nikasikia jina lako redioni kama watu baki.

Baba yako