Ndugu yangu ana homa ya uti wa mgongo: nami nitumie dawa ya kinga?

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu amelazwa, vipimo vimeonyesha homa ya uti wa mgongo ya meningokoka. Watoto wake wamepewa siprofloksasini, mkewe ni mjamzito akachomwa sindano. Mimi nilienda kumjulia hali tu, nikakaa kando ya kitanda kama nusu saa. Nimeambiwa sihitaji dawa. Nijinunulie?

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Usinunue, umeambiwa sahihi.

Bakteria huyu, meningokoka, hukaa kooni na nyuma ya pua, na huambukizwa kwa mate na makamasi, tena kwa ukaribu wa muda mrefu. Ndiyo maana tunauliza: katika siku 7 kabla hajaugua, nani aliishi naye nyumba moja, nani alilala naye chumba kimoja, nani alimbusu mdomoni? Hatari ya hao ni mara mamia kuliko ya watu wengine. Nusu saa kando ya kitanda haimo. Hata muuguzi hapewi, isipokuwa makohozi yamemrukia usoni, tuseme wakati wa kumwekea mgonjwa mpira wa kupumulia bila barakoa. Ukimeza bila sababu unaua bakteria wa kooni wasio na madhara, ambao wanakukinga, na unawazoesha bakteria wengine dawa hiyo.

Wanaostahili wasicheleweshwe: ndani ya saa 24 tangu mgonjwa agundulike. Zikishapita siku 14, faida ni ndogo. Wala wasisubiri kupimwa koo. Mtu mzima humeza siprofloksasini miligramu 500 mara moja basi; mjamzito huchomwa seftriaksoni, ndiyo sindano ya shemeji yako. Dawa nyingine ya kinga, rifampisini, humezwa siku 2, hugeuza mkojo na machozi kuwa rangi ya chungwa, na hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango.

Kama homa yake ingeletwa na nyumokoka, bakteria mwingine wa ugonjwa huu, hata mkewe asingepewa dawa ya kinga.

Hofu yangu ni kwa waliokwisha kupewa wakajiona wamepona kabla ya kuugua. Kinga haiondoi hatari yote. Kwa siku 10 hivi, yeyote kati yenu akipata homa ya ghafla, kichwa kikali, shingo kukakamaa, au vidoa vyekundu visivyofifia ukivikandamiza kwa glasi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku wa manane. Mtoto mchanga huenda akakataa tu kunyonya.

Na kabla mdogo wako hajaruhusiwa, ulizeni alitibiwa kwa dawa gani. Kama ni penisilini peke yake, naye anahitaji dawa ya kusafisha koo.